Wakuu, 2020 kabichi zilioza shambani na mama ntilie akafunga kwa kukosa wateja. Ile tofauti ya bei aliichukua nani?

#1 MtotoWaLukozi

Salaam wakuu.

Jana usiku niliangalia dokumentari moja ya wakulima wadogo na wenye migahawa midogo kule Marekani wakati wa korona. Kuna mahali mzee mmoja anafungua koki ya tangi, maziwa yanatiririka mpaka mtaroni, naye kasimama tu, kofia mkononi. Kisha anaonyeshwa mama mwenye mgahawa, viti kavipandisha juu ya meza, anahesabu siku zilizobaki kabla ya kodi. Niliizima hapo hapo. Niliyaona hayo kwetu.

Mei 2020 baba yangu, Lukozi kule Lushoto, alikuwa na kabichi zaidi ya elfu mbili, zimefunga vizuri, ngumu kama jiwe. Lori la Fuso lililozoea kupakia Jumanne halikuja. Jumanne iliyofuata halikuja pia. Zikaanza kupasuka. Kabichi ikipitiliza inapasuka katikati kama imepigwa panga, na mvua ikiingia humo, siku mbili tu inanuka. Baba akawa anakata na kuwapa ng'ombe, mpaka ng'ombe nao wakazikinai. Mnunuzi mmoja tu ndiye aliyepanda mlima, na bei yake ilikuwa shilingi 100 kwa kabichi.

Wiki hiyo hiyo dada yangu mwenye mgahawa Tabata, Dar, alikuwa ananunua kabichi moja shilingi 1,000. Ilipofika Juni akafunga. Wateja hakuna.

Baba kapewa mia, dada katoa elfu. Mia tisa ilikwenda wapi? Nina swali hili kifuani tangu mwaka ule. Anayejua anieleze kwa hoja, maana neno "korona" peke yake halinitoshi.

#2 KijiweChaKahawa

Nimeweka mkeka hapa. Uzi wa maana huu.

#3 MamaSwaumu

Pole sana mwanangu, na mpe pole baba.

Mimi napika Posta hapa Dar, karibu na maofisi, mwaka wa kumi na nne huu. Wengi wakisikia korona wanadhani serikali ndiyo iliyotufungia. Hapa kwetu hakuna aliyekuja kuniambia mama funga. Nilinunua ndoo yenye koki, nikaweka sabuni, nikatenganisha mabenchi. Wateja wenyewe ndio walioacha kuja. Nilikuwa napika kilo kumi za mchele kwa siku, mwezi wa nne nikashuka mpaka tatu, na hata katika hizo tatu, kiasi narudi nacho nyumbani. Watu walianza kuja na chakula chao kutoka kwao. Aliyekuja kula alikuwa anafuta kijiko kwa leso mara tatu, ananiangalia kama nimemficha kitu.

Kuhusu mia tisa yako, nitakwambia ilivyokuwa kwangu. Zamani nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nakwenda Ilala sokoni, nanunua kwa jumla, tunagawana mama ntilie wanne. Biashara ilipopungua sikuwa na haja ya kabichi ishirini, nilihitaji mbili. Kwa kabichi mbili huendi Ilala, nauli itakula faida yote. Nikawa nanunua genge la jirani, kile kibanda cha mboga cha mtaani. Na genge unajua bei yake. Kwa hiyo sehemu ya ile mia tisa ni mimi mwenyewe niliyeitoa kwa sababu ya kununua kidogo kidogo. Muulize dada yako alikuwa ananunua wapi.

#4 MtotoWaLukozi

Shikamoo mama. Nimempigia sasa hivi. Kasema genge la nyuma ya nyumba, tangu mwezi wa nne. Hili sikuwahi kulifikiria.

#5 DalaliMstaafu

Nimekaa soko la Ilala miaka kumi na moja, najua uzi huu unapoelekea, kwa hiyo nijitokeze mapema. Dalali ndiye huwa wa kwanza kulaumiwa.

Sikilizeni gharama. Fuso likipakia Lukozi likajaa, nauli inagawanywa kwa kabichi elfu kadhaa. Likishuka nusu, nauli ni ile ile, mafuta yale yale, dereva na utingo wanalipwa vile vile. Halafu kuna ushuru wa halmashauri, wapakiaji, wapakuaji, ushuru wa soko, na zilizosagika njiani. Mzigo ukifika saa tisa usiku na wanunuzi hawapo, kufikia saa nne asubuhi jua limeshapiga, unauza kwa bei yoyote. Mwezi wa tano 2020 mwenzangu mmoja alimwaga karoti pale pale sokoni, akarudi nyumbani kwa miguu. Mnataka dalali aende akachukue kabichi kwa mia tano aziozeshe mjini?

#6 BintiMang'ola

@DalaliMstaafu, pole ya mwenzako naipokea. Lakini mbona hukutaja lumbesa? Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, nyinyi mnalijaza mpaka linavaa kofia, halafu mkulima analipwa gunia moja. Hiyo nayo ni gharama ya Fuso?

#7 DalaliMstaafu

Kabichi haiuzwi kwa lumbesa, dada, inauzwa kwa kuhesabu. Huo ni ugomvi wa vitunguu na viazi. Ila kwa vitunguu sikupingi, mchezo huo upo, na mimi nimeushiriki.

#8 KijiweChaKahawa

Dalali kakiri hadharani, piga picha ya skrini hiyo 😂

#9 NipoMinnesota

Wakuu habari. Nilikuwa napika kwenye mgahawa mdogo huku Minnesota wakati ule, nichangie la maziwa.

Gavana alifunga kula ndani ya migahawa kuanzia jioni ya 17 Machi 2020. Mchana tulipika kama kawaida, kufikia usiku mwenye mgahawa anatugawia nyama na mboga za kwenye friji tupeleke majumbani maana zitaharibika. Wapishi sita tukabaki wawili, tunapika chakula cha kubeba.

Watu hudhani maziwa yalimwagwa kwa sababu hayakuwa na wanywaji. Wanywaji walikuwepo, na madukani kuna siku rafu zilikuwa tupu. Kabla ya korona Wamarekani walikuwa wanatumia zaidi ya nusu ya pesa zao za chakula kwa kula nje ya nyumbani. Kwa hiyo viwanda vingi vimejengwa kuhudumia shule, migahawa na hoteli. Maziwa ya shule yanawekwa kwenye vipakiti vidogo vya mtoto, jibini ya mgahawa inakuja kwenye mafurushi ya kilo nyingi. Mashine ya vipakiti vya shule haigeuki kwa wiki moja ikaanza kujaza galoni za supamaketi. Na ng'ombe hana swichi ya kuzima, usipomkamua anaugua. Aprili 2020 ushirika mkubwa wa wafugaji wa maziwa kule ulikadiria kwamba nchi nzima inaweza kuwa inamwaga mpaka galoni milioni 3.7 kwa siku, kama lita milioni 14.

Hapa hapa Minnesota kiwanda kikubwa cha kuchinja nguruwe mjini Worthington kilifungwa mwezi huo baada ya wafanyakazi wengi kuambukizwa. Nguruwe wakaendelea kunenepa mabandani mpaka wafugaji wakalazimika kuwaua na kuwafukia. Na huku watu wamepanga magari foleni ya kilomita wakisubiri chakula cha msaada.

#10 Mzawa_Tu

Serikali yao ndiyo iliyowaamuru wamwage ili bei isishuke. Nilisoma mahali.

#11 NipoMinnesota

@Mzawa_Tu hapana ndugu. Ni vyama vyao vya ushirika vilivyowaambia, kwa sababu viwanda vilikuwa vimejaa na magari ya maziwa yanarudishwa getini. Wengine walilipwa kidogo na chama chao kwa maziwa waliyoyamwaga, lakini haikuwa amri ya serikali.

#12 MwlHesabu

Naomba tuweke tarehe sawa kabla hatujaenda mbali, maana bila tarehe kila mtu atajenga hoja yake hewani.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa 11 Aprili, zikaruhusiwa tena 18 Mei. Vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, shule nyingine 29 Juni. Masoko hayakufungwa, na Fuso halikukatazwa kupanda Lushoto.

Sasa hoja yangu. Mnatafuta mchawi sokoni wakati mmoja wa walaji wakubwa wa kabichi nchi hii ni mwanafunzi wa bweni. Nimefundisha shule ya bweni yenye wanafunzi mia nane. Kwa wiki tulikuwa tunapokea kabichi kwa gari, maharage kwa magunia. Tarehe 17 Machi wanafunzi wakapanda mabasi wakarudi kwao. Jikoni tulibaki na mpishi mmoja na mlinzi. Zidisha shule hiyo kwa shule zote za bweni za Tanga, Kilimanjaro, Morogoro, Pwani na Dar. Hao watoto nyumbani hawakula kabichi kila siku, walikula mchicha na matembele ya uani.

Kama kabichi zilipandwa Februari zikakomaa Mei, zililimwa kwa ajili ya mlaji ambaye hakuwepo tena.

#13 MtotoWaLukozi

@MwlHesabu hii imenigusa. Baba anasema kweli kulikuwa na mtu wa tenda za shule Korogwe na Muheza aliyekuwa akichukua. Lakini bado. Kama mlaji hayupo, bei ya mjini nayo ingeshuka. Kwa nini kwa dada ilibaki elfu?

#14 MamaSwaumu

Nilishakujibu kule #3 mwanangu, genge. Mwenye genge naye alikuwa anauza kabichi tano badala ya ishirini, na watoto wake wanakula kutokana na hizo tano.

#15 JiraniWaMarikiti

Niko Nairobi, mpakani mwa hadithi yenu. Sisi tulifungiwa kweli kweli.

Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sasa fikiria Soko la Wakulima, hapa tunaita Marikiti. Biashara ya Marikiti hufanywa usiku. Lori linashusha saa nane, saa tisa, mama mboga anafika saa kumi, kabla ya jua amesharudi mtaani na sukuma wiki mbichi. Kafyu ikakata hiyo saa yote. Mzigo ulikuwa unaruhusiwa kupita, lakini mnunuzi haruhusiwi kutoka kwake. Kwa hiyo saa kumi na moja watu wote wanaingia pamoja, wanasukumana, na wenye lori wanataka kuondoka. Mwenye nguvu na mwenye pesa ananunua wa kwanza, akimaliza anawauzia wale wadogo nje ya lango. Mkono mmoja zaidi umeongezeka hapo katikati, na kila mkono unataka kitu.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula, chapati, maharagwe, githeri. Kibanda kinalishwa na watu wa kazi za mkono wanaokula jioni wakielekea nyumbani. Saa kumi jioni kila mtu anakimbilia matatu asishikwe na kafyu. Hakuna wa kukaa kula.

#16 Mzawa_Tu

Kwani Kenya migahawa si ilifungwa yote mpaka Julai?

#17 JiraniWaMarikiti

Hapana, ndugu yangu. Baa ndizo zilizofungwa muda mrefu. Migahawa iliambiwa iuze chakula cha kubeba tu, halafu tarehe 27 Aprili ikaruhusiwa kukalisha wateja kwa masharti: wafanyakazi wapimwe, viti viachane mita moja na nusu, na kufunga saa kumi jioni. Ya Julai ni kufunguliwa kwa Nairobi na Mombasa, watu kuruhusiwa kutoka na kuingia. Kisha Machi 2021 tukafungiwa tena, Nairobi na kaunti nne za jirani, chakula cha kubeba pekee mpaka Mei.

Na hiyo ya kubeba, wenye vibanda tuliumia mahali ambapo watu hawaangalii. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku tangu Agosti 2017. Utambebea mtu githeri ya moto yenye mchuzi kwenye nini? Kuna bakuli za foili, moja ilikuwa inameza faida yote ya sahani. Niliwaambia wateja waje na sahani zao. Mama mmoja mfua nguo alikuwa anakuja na mkebe wa rangi uliooshwa vizuri, wenye kifuniko na mpini wa waya, namjazia humo githeri ya watu watano. Ule mkebe sitausahau, kwa sababu kuna wiki mbili ulikuwa ndio mauzo yangu makubwa ya siku.

#18 MamaSwaumu

Umenikumbusha hotipoti. Kuna kijana wa benki alikuwa ananiletea hotipoti yake asubuhi, anaiacha, anaifuata saa saba. Nilikuwa naiosha mara mbili mbele yake ili asiwe na wasiwasi. Huyo kijana hakuniacha hata siku moja, Mungu amzidishie.

#19 MpishiNungwi

Asalaam aleikum. Ngojeni niwape ya Unguja.

Nilikuwa mpishi hoteli moja ya kaskazini. Wageni wa Zanzibar 2019 walikuwa 538,264. 2020 walishuka hadi 260,644. Tanzania nzima, kutoka 1,527,230 hadi 620,867. Hizo ni namba, mimi nawaambia nilichokiona jikoni.

Mboga nyingi za hoteli zetu zinavuka maji kutoka Bara. Hoho nyekundu na za njano, letusi, brokoli, zukini, liki. Nyingi hutoka huko huko milimani kwa mtoa mada na Arusha. Ndege zilipokata Aprili, hoteli yetu ilifuta oda kwa simu moja ya dakika mbili. Nilikuwa nimesimama pale, nikamsikia mtu wa ununuzi anasema "usilete tena mpaka tukupigie". Upande wa pili kulikuwa na mtu ana shamba la letusi.

Tofauti na kabichi, brokoli ikikosa mgeni huwezi kuipeleka soko la Darajani ukauza. Bi mkubwa ataiangalia, ataishika, ataiuliza jina, ataiacha. Ni yale yale ya vipakiti vya shule aliyoyasema @NipoMinnesota. Kitu kimelimwa kwa mdomo mmoja tu, na mdomo huo umepanda ndege umeondoka.

#20 TangawiziYaSame

Nina la kusema na naomba nisichukiwe.

Mwaka huo sisi wa tangawizi, milima ya Same, tulipata pesa ambayo hatukuwahi kuipata. Aprili na Mei kila nyumba inafukiza nyungu, kila mtu anachemsha tangawizi, malimao na kitunguu saumu. Wanunuzi walikuwa wanalala kwenye magari huku juu wakisubiri tung'oe. Tulikuwa tunang'oa hata ambazo hazijakomaa. Niliezeka nyumba ya mama bati mwaka huo. Kila nikiliangalia lile bati nawakumbuka watu waliokufa, siwezi kulifurahia sawasawa.

Ninachotaka kusema kwa mtoa mada: magari hayakupotea. Yalikuwa yanakuja kwetu.

#21 MtotoWaLukozi

@TangawiziYaSame hakuna wa kukuchukia mkuu. Lakini umenipa jambo jipya kabisa. Yaani inawezekana Fuso la baba lilikuwa Same?

#22 DerevaWaUsiku

Inawezekana kabisa. Naendesha Fuso barabara hiyo. Gari linakwenda kwenye mzigo unaolipa. Mwezi wa nne na wa tano nilipakia tangawizi safari sita.

Lakini mmesahau mvua. Masika ya 2020 haikuwa ya kawaida, hata Ziwa Victoria mwezi wa tano lilifika kina ambacho halijawahi kupimwa. Soni mpaka Mombo mnaijua ile barabara, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Udongo ulikuwa unashuka njiani. Na zile njia za vumbi kutoka shambani mpaka lami ndiyo usiseme. Kuna siku nilikwama kabla ya kufika Lukozi, nikalala kwenye gari, asubuhi nikageuza. Labda kuna mzee alikuwa ananisubiri na kabichi zake. Sijui kama ni baba yako.

#23 MtotoWaLukozi

Asante kwa kusema hivyo, dereva.

#24 BintiMang'ola

Kila mtu kaeleza la kwake, na mimi nieleze la vitunguu. Sisi wa Mang'ola, kule Karatu, tunamtegemea mnunuzi Mkenya. Katikati ya Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka na Tanzania isipokuwa mizigo, na madereva wa mizigo wakatakiwa kupimwa. Namanga malori yalisimama foleni siku kadhaa, madereva wanagoma, huku wanasema huyu ana virusi, kule wanasema hana. Kitunguu kikikaa ndani ya turubai siku tano na jua la Namanga, kinaanza kuota mkia wa kijani ndani ya gunia. Mnunuzi wetu alitulipa nusu, akasema hasara tugawane. Ile faida ya miaka iliyopita mbona hatukugawana?

Kwa hiyo @MwlHesabu masoko hayakufungwa, sawa, lakini soko letu liko ng'ambo ya geti.

#25 MwlHesabu

Nakubali, BintiMang'ola. Nilihesabu soko la ndani peke yake.

#26 KijiweChaKahawa

Mpaka sasa tuna genge, Fuso nusu, shule, kafyu, ndege, tangawizi, mvua na Namanga. Halafu kuna anayeulizia kachumbari ya kabichi inavyotengenezwa, kaniandikia inboksi 😅

#27 MamaSwaumu

Mwambie akate nyembamba, atie chumvi, aiminye mpaka itoe maji, aoshe, ndipo aweke limao, karoti na pilipili. Asiminye sana ikalegea. Mteja anataka isikike ikitafunwa.

#28 Mzawa_Tu

Tukiacha lawama, mbona hakuna anayeuliza serikali zilisaidia nani? Wenzetu Marekani walipewa mabilioni.

#29 NipoMinnesota

Walipewa, lakini tazama mgawanyo. Mkopo wa kwanza wa kulipia mishahara, dola bilioni 349, ulianza 3 Aprili 2020 ukaisha ndani ya wiki mbili. Minyororo mikubwa ya migahawa ilipata mapema kwa sababu ina watu wa benki na wanasheria. Mmoja, Shake Shack, ulirudisha dola milioni 10 baada ya watu kukasirika. Mfuko wa migahawa wenyewe, dola bilioni 28.6, ulifunguliwa 3 Mei 2021, zaidi ya mwaka tangu milango ifungwe. Waombaji walizidi 278,000, wakiomba zaidi ya bilioni 72. Waliopata ni kama 101,000. Bosi wangu alikuwa kati ya waliokosa. Alikuwa ameshauza oveni.

Na wale wa programu za simu za kupeleka chakula, walikuwa wanakata mpaka asilimia 30 kwa kila oda. Miji kama San Francisco ikaweka kikomo cha asilimia 15. @DalaliMstaafu, huko dalali yuko ndani ya simu.

#30 JiraniWaMarikiti

Huku walipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14. Lilikuwa jambo jema kwa supamaketi. Kibanda changu hakijasajiliwa na hiyo kodi. Na unga nilionunua haukushuka hata shilingi.

#31 MamaSwaumu

Mimi serikali yangu ilikuwa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wanawake ishirini na watano. Tulikubaliana miezi mitatu hakuna riba. Bila hao nisingekuwa na sufuria leo. Mmoja alishindwa kurejesha kabisa, alikuwa muuza matunda shule ya msingi. Shule zimefungwa, atamuuzia nani? Tulimlipia.

#32 DalaliMstaafu

Nimesoma yote. Nakubaliana na genge, shule na gari. Ila mtoa mada, hebu tuambie kitu kimoja. Hiyo mia, ni kwa muda gani baba alikuwa anapewa mia? Isije ikawa ni siku moja ya hasira tunaijengea uzi mzima.

#33 MtotoWaLukozi

Swali la haki. Baba huwa anaandika kila mauzo kwenye daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nimemwomba mdogo wangu alipige picha. Nipeni mpaka jioni.

#34 MtotoWaLukozi

Nimelipata. Kurasa zimeingia maji pembeni lakini zinasomeka. Naandika kama alivyoandika:

Januari mwishoni, kabichi 600, kwa 500.
Februari katikati, kabichi 450, kwa 400.
Machi tarehe 9, kabichi 500, kwa 250.
Machi tarehe 24, kabichi 300, kwa 200.
Aprili yote, mstari mmoja: "gari hamna".
Mei tarehe 19, kabichi 180, kwa 100. Pembeni kaandika "ng'ombe".
Juni tarehe 30, kabichi 200, kwa 350.

Angalieni Machi tarehe 9. Bei ilikuwa imeshashuka nusu, na mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16. Nimeisoma mara nne.

#35 MwlHesabu

Na angalia 30 Juni, kesho yake tu baada ya shule kurudi. Ila 9 Machi inanisumbua. Shule zilikuwa wazi.

#36 DerevaWaUsiku

Machi mwanzoni kabichi zilikuwa nyingi. Vuli ya 2019 ilinyesha bila kukoma mpaka Januari, hata wa mabondeni wasiolima kabichi walilima. Nilikuwa napakia sehemu ambazo sijawahi kupakia mboga.

#37 MpishiNungwi

Au wageni. Kwetu walianza kufuta vyumba Februari, Ulaya na China kulipochafuka, kabla hata ya mgonjwa wa kwanza hapa. Hoteli zilianza kupunguza oda mapema.

#38 DalaliMstaafu

Mgeni hali kabichi, MpishiNungwi. Umesema mwenyewe anakula brokoli.

#39 MpishiNungwi

Wafanyakazi wa hoteli wanakula kabichi kila siku ya Mungu. Kwetu tulikuwa mia na arobaini. Tulipewa likizo bila malipo sote isipokuwa walinzi na wa bustani.

#40 BintiMang'ola

MtotoWaLukozi, lipo la 2019? Kama kila Machi inashuka, basi tarehe 9 ni kawaida ya msimu na mengine yanabaki palepale. Kama 2019 haikushuka, ni habari nyingine.

#41 MtotoWaLukozi

La 2019 liko kwa baba mwenyewe, ndani ya sanduku. Kanijibu atalitoa akirudi shambani Jumamosi. Kauliza pia hawa watu wanaotaka daftari lake ni akina nani.

#42 MamaSwaumu

Mwambie ni mnunuzi. Sasa hivi kabichi kwake ni shilingi ngapi? Nataka arobaini kila Jumatatu, nimechoka na genge.

#43 DerevaWaUsiku

Mama, kabichi arobaini si mzigo wa Fuso. Nikikubebea hizo peke yake, nauli yako itazidi bei ya kabichi. Nipate hata elfu moja na mia tano, nitashusha Posta mwenyewe bila kupita Ilala.

#44 DalaliMstaafu

Hiki ndicho nilichokuwa nakisema tangu #5.

#45 MtotoWaLukozi

Dada yangu amefungua tena, mwaka wa pili huu. Anachukua thelathini. Mama, hao wenzako watatu mliokuwa mnagawana Ilala bado wapo?

#46 MamaSwaumu

Wawili wapo. Wa tatu alirudi kwao Singida 2020, hajarudi. Naanza kuulizia kesho, kuanzia Posta mpaka Kivukoni. Dereva, usiniache, tuanzie na ngapi?